Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Usalama wa Chakula: tupimieni mboga

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pokea salamu zangu za heshima. Hii ni barua ya tatu. Mbili za kwanza nilizileta mwenyewe ofisini kwako, zikagongwa mhuri wa kupokelewa, na hadi leo sijajibiwa. Ndiyo maana hii naiandika hadharani.

Juma lililopita mjukuu wangu wa miezi 7 alibadilika rangi nikiwa nimempakata. Ilianza midomo, zikafuata kucha, zote rangi ya jivu. Hakukohoa, hakupaliwa. Hospitalini wakamwekea oksijeni, rangi haikurudi. Walipomtoa damu niliiona kwenye bomba la sindano: ya kahawia, kama chokoleti. Daktari akaniuliza mtoto kala nini. Nikamwambia spinachi, niliyoichemsha na kuiponda jana yake mchana, ikalala mezani kwenye bakuli.

Akanieleza kwamba nitrati iliyomo kwenye majani, yaani chumvi ambayo mmea huifyonza kutoka kwenye udongo na mbolea, chakula kikilala, bakteria huigeuza nitriti, na nitriti huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Alimchoma dawa ya mshipa, na kabla ya saa moja kwisha midomo ilianza kuwa myekundu. Yuko hai. Mama yake hajanilaumu kwa neno, ila sasa kila nikishika kijiko ananitazama.

Kulaza chakula ni kosa langu, nalibeba. Lakini kliniki walituambia mtoto apewe mboga za majani, hawakutuambia zisilazwe. Na mboga zenyewe je? Zilikuwa na mabua manene, kijani kimekolea mno, na majuma yale jua lilikuwa adimu. Jani lisilopata mwanga wa kutosha hulimbikiza nitrati. Nashuku pia lilitiwa mbolea ya kukuzia siku chache kabla ya kuvunwa. Nashuku tu, Mheshimiwa. Siwezi kujua, kwa sababu hakuna aliyepima.

Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 3,500 za nitrati kwa kilo ya spinachi mbichi, na 200 kwa kilo ya chakula cha watoto wachanga. Wanajua kinachoingia sokoni kwao. Mwaka jana ulisimama mbele yetu ukaahidi kwamba vipimo vya mboga vitatangazwa kila mwezi. Nilikuwepo, nikapiga makofi. Miezi imepita, namba hata moja hatujaiona.

Sisemi watu waache mboga. Mimi mwenyewe nitaendelea kuzila, zina faida nyingi. Nasema zipimwe, namba zitangazwe. Zipimwe!

Na kama maabara haijawa tayari, basi fanya hili moja wiki hii: karatasi ibandikwe kila kliniki, iandikwe kwamba mboga ya majani iliyolala asipewe mtoto. Karatasi moja tu, Mheshimiwa. Nipo tayari kuja kuzibandika.

Wako kwa heshima,
Bibi wa mtoto