Mhadhara wa maktaba usiishie kwenye makofi

Ndugu Mhariri,

Wanaotaka maktaba na vyuo vya maendeleo ya wananchi viandae mihadhara ya jioni ya historia, fasihi na falsafa wana hoja, nasi tunawaunga mkono. Ila mihadhara ya namna hii hufa mapema, kisha lawama wanatupiwa wananchi kwamba hawapendi kusoma. Kinachoiua ni maandalizi, na hasa kile kipindi kinachopaswa kufuata mtoa mada akishamaliza kusema. Mara nyingi hakipo. Ni neno la shukrani, makofi, watu wanatawanyika.

Wanaushirika waliliona hili zamani. Miaka ya 1860 James Stuart, mwalimu wa Cambridge, alikuwa akifundisha elimu ya nyota kwenye ukumbi wa chama cha ushirika cha Rochdale, Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1844 na kilichokuwa kikitenga asilimia 2.5 ya ziada yake kwa elimu. Siku moja aliacha michoro yake ukutani. Aliporudi akaambiwa wanachama wamekuwa wakikusanyika kuijadili, wana maswali, na wangependa akutane nao kabla ya somo. Cambridge ilipoanzisha rasmi mihadhara ya nje ya chuo mwaka 1873, ilibeba vitu viwili: muhtasari uliochapwa na kikao cha maswali. Mji wa Moshi, wenye KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, tangu 1933, haukupaswa kukumbushwa hili.

Muhtasari ni karatasi moja ya A4, pande mbili, nakala 40, zikae kaunta ya maktaba wiki nzima kabla ya siku yenyewe. Upande wa mbele ni hoja kuu, tarehe na maneno magumu. Upande wa nyuma ni maswali matatu tu na nafasi ya kuandikia. Hapo kwenye maswali ndipo wengi wanapoharibu. Chukua mada ya historia ya ushirika. Ukiuliza “Una maoni gani kuhusu ushirika?” utapata hotuba tatu za wazee watatu, na zote zitaishia kwenye bei ya kahawa. Uliza hivi: “Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Siku ile, ghala lililojengwa kwa kahawa ya wanachama lilikuwa mali ya nani?” Sasa mkulima, mwanasheria na mwanafunzi wa kidato cha sita wote wana la kusema, na hakuna atakayejibu bila kufikiri kwanza mali ni nini. Falsafa imeingia bila kupiga hodi.

Mtoa mada apewe dakika 40, asiongezewe. Kabla ya kufungua mjadala, watu wakae watanowatano kwa dakika 10 na swali moja. Hatua hii ikirukwa, wanaosema ni wale wale waliozoea vipaza sauti, na akina mama wanaondoka na hoja zao moyoni. Kwa watu 40 spika haihitajiki, wala meza kuu. Mgeni rasmi, kwa heshima zote, abaki ofisini: akichelewa nusu saa, na itifaki ikazingatiwa kwa robo saa nyingine, kinachokatwa ni mjadala. Posho ya kukaa pia tusiianze, kwa sababu mara ya pili watu watauliza bahasha iko wapi. Mtoa mada arudishiwe nauli.

Kalenda nayo ina mitego. Jumamosi kwetu ni misiba na harusi. Jumatano saa 10 na nusu jioni inafaa, mradi watu watoke kabla ya saa 12 wawahi Hiace za Machame na Marangu. Machi hadi Mei msithubutu kwenye ukumbi wa bati, mvua ya masika itammeza msemaji. Oktoba na Novemba waachieni kidato cha nne meza zao. Kipindi kizuri ni Juni hadi Septemba, kinachotosha kwa mfululizo wa vikao vinne vya mada moja. Mhadhara mmoja mmoja wa mada tofauti kila mara huleta wageni wapya ambao hawarudi.

Na tangazo liandike “mazungumzo”. Mtaani, neno mhadhara linamkumbusha mtu mabishano ya dini uwanjani.

Umeme usitegemewe. Picha au ramani ichapwe kubwa, ibandikwe ukutani pamoja na maswali yaliyobaki bila majibu, vyote viachwe hapo hadi Jumatano inayofuata. Mfagizi aambiwe mapema asivibandue.

Wadau wa maktaba,
Moshi