Ukiongoza sherehe ya mtoto aliyeasiliwa

Milimani, Kisumu

Mpendwa Nekesa,

Nimefurahi kusikia ndiwe utakayeshika maikrofoni kwenye shukrani ya rafiki zako huko Nakuru, ya kumkaribisha mtoto wanayemwasili, yaani wanayemchukua kisheria awe wao. Kabla ya lolote, waulize wenyewe kama wanataka habari ya kuasili itajwe. Huenda hawataki, na kumkaribisha mtoto hakuhitaji maelezo ya alikotoka.

Wakikubali, sema "aliasiliwa" mara moja, uendelee. Ukimwita "mtoto wa kuasiliwa" kila unapomtaja, unambandika jina la pili. Wale ndugu zake wawili nao usiwaite "watoto wao wenyewe". Wote ni wao, hata kisheria: Mahakama Kuu ikishatoa amri, haki na wajibu wa waliomzaa huhamia kwa waliomwasili, naye hurithi kama aliyezaliwa humo. Ndiyo maana "mama halisi" ni kumkosea mama aliyeketi mbele yako. Yule mwingine ni "mama aliyemzaa". Wala asisemwe kwamba alimtupa. Kisa chake hukijui, na mtoto ana masikio.

Kinachoniogofya zaidi ni sifa. Wazee watasimama kwa nia njema kabisa na kusema, "Mmeokoa roho, Mungu atawalipa." Mtoto akilelewa na maneno hayo hujiona mdaiwa, akikosea kidogo anaambiwa hana shukrani. Mzee akianza hivyo, mpokee upesi: "Asante baba, nasi tunawapongeza kwa kupata mtoto," kisha kwaya iimbe. Hakosi pia shangazi wa kuuliza walilipa ngapi. Mjibu kwamba Sheria ya Watoto ya 2022 inakataza malipo ya kumpata mtoto. Wakili na ada ni gharama za kesi, si bei yake.

Hakikisha amri imeshatoka. Mtoto hukaa na waombaji angalau miezi 3 mfululizo kabla ya maombi kupelekwa kortini, na kipindi chote hicho, hadi jaji aamue, yuko chini ya uangalizi wao tu. Kama bado wako hapo, ahirisheni sherehe, na picha zisionekane kwenye WhatsApp.

Lingine dogo: kwetu huku watoto wengi wanalelewa na nyanya. Hao hawajaasiliwa, kwa hiyo usiwatolee mfano.

Nitumie orodha ya wazungumzaji mapema, hasa wajomba.

Wako,
Atieno