Daftari la mama nalo ni historia ya nchi

Mhariri,

Kila inapokaribia Desemba 9 gazeti lako hutuletea picha za viongozi walioleta Uhuru, na wanastahili. Naomba nafasi nimtaje mama yangu, mkulima wa pamba hapa Maswa.

Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, mama alikuwa ameshazaa na hajui hata herufi moja. Huku Kanda ya Ziwa vitabu vya ngumbaru, yaani madarasa hayo ya watu wazima, viliandikwa kufuata zao la mahali, kwa hiyo alianza kusoma kwa maneno ya shambani kwake. Walikaa chini ya mkwaju jioni, wengine na watoto mgongoni. Mwaka 1973 wakaizunguka redio papo hapo kusikiliza vipindi vya Mtu ni Afya, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Tangu hapo akawa na daftari. Kila alipouza pamba aliandika tarehe, kilo za pamba safi, kilo za pamba fifi, ile ya daraja la chini. Msimu mmoja karani alimtajia kilo pungufu. Mama akamwambia, "Baba, nipishe niisome mizani mwenyewe." Akaisoma kwa sauti, akalipwa zote, na wanawake waliokuwa nyuma yake nao wakataka kusoma. Mimi uhuru naujua kwa siku ile.

Mwaka 1974, tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, ukurasa una mstari mmoja tu: "Tumehama. Paa wameshusha." Ukifika miaka ya themanini, kilo za pamba zinachanganyika na mambo ya duka la kijiji: sabuni nusu mche, sukari hakuna, chumvi kesho. Hayo ya foleni sijayaona yameelezwa vizuri hivyo mahali pengine.

Waliosoma ngumbaru wanakwisha, Mhariri. Majuzi tumemzika mwenzake mama wa darasani, na madaftari ya marehemu tuliyakuta yameliwa na mchwa. Waandishi wako wa mikoani hufika vijijini kufuata ziara za viongozi. Ziara ikiisha, waulize ni bibi gani hapo alisoma ngumbaru, wapige picha kurasa zake, nanyi mtenge hata robo ukurasa kila Jumapili.

Mama amekubali lake lipigwe picha. Sharti lake ni kwamba mwandishi akae chini, mama mwenyewe amsomee.

Binti wa mkulima,
Maswa, Simiyu