Barua ya wazi kwa vijana wa Amu (Lamu) mnaokusanya picha za siku za dhiki

Wanangu na wajukuu zangu,

Assalaam aleikum. Nimesikia kwamba mnapita nyumba kwa nyumba, kutoka Mkomani hadi Langoni, mkiomba picha za zamani zinazoonyesha jinsi wazee wenu walivyokabiliana na shida, na kwamba mnakusudia kuzitundika ngomeni pamoja na picha mashuhuri za dhiki kutoka nchi nyingine. Nia yenu nimeipenda, na kwa sababu nimeipenda sikuweza kunyamaza. Mmoja wenu alifika kwangu wiki iliyopita, akaitazama picha niliyomtolea sandukuni, kisha akanirudishia kwa adabu akisema, "Bibi, hii haitufai, kwa kuwa hapa mnaonekana mlikuwa hamna shida." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu.

Picha hiyo ilipigwa studio nilipokuwa na umri wa miaka tisa hivi. Mama amekaa kitini, amevaa mkufu wa dhahabu, amempakata ndugu yangu mdogo. Mimi nimesimama kando yake na viatu vyeupe miguuni. Mwaka huo baba alikuwa ameondoka na upepo wa kusi katika jahazi lililopakia boriti za mikoko kwenda Arabuni, na kaskazi, upepo wa kurudia, ikaingia mpaka ikaisha bila yeye kurudi, maana chombo kiliharibika naye akabaki Aden akibeba mizigo bandarini ili apate nauli. Nyumbani mama alikwisha kuweka rehani vipuli na bangili zake, na usiku alikuwa akisuka mikeka ya ukindu kwa mwanga wa kandili mpaka vidole vikapasuka. Ikaja barua ya baba, kwamba ameambiwa na mabaharia kuwa wanawe wanalala na njaa, na kwamba hapati usingizi. Jibu la mama lilikuwa picha hiyo. Mkufu ni wa jirani yetu, gauni langu ni la binti ya mjomba, na viatu vyeupe ni vya msichana mkubwa kuliko mimi, vimejazwa matambara ndani ili visinitoke nikitembea. Mdogo wangu alikataa kutulia, basi jirani mwenye mkufu akachutama nyuma ya kiti na kumshika mgongoni. Mkiitazama picha kwa makini mtauona mkono wake umeingia upande wa kushoto, vidole vinne na pete moja.

Je, hiyo si picha ya dhiki? Kwangu mimi sijaona inayoeleza zaidi jinsi mtu wa Amu alivyokuwa akipambana na uhitaji. Sisi tuna neno sitara. Mtu husitiri njaa yake kama anavyositiri mwili wake, na jirani mwema huijua njaa hiyo bila kuambiwa, akaleta sahani iliyofunikwa kawa. Mkitafuta nyuso za huzuni tu, mtazipita picha zetu zote na kudhani kwamba wazee wenu hawakupata shida, kumbe shida ilikuwapo na mbele yake pamewekwa mkufu wa kuazima.

Sasa niwaambie juu ya picha hizo za ng'ambo, kwa kuwa nilifundisha historia miaka mingi na baadhi yake nimezitumia darasani. Ile ya mama wa Kimarekani aliyeshika shavu, watoto wawili wamemwegemea na kugeuza nyuso zao, bila shaka mnayo. Aliipiga Dorothea Lange mwezi Machi 1936, katika kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California, baada ya baridi kali kuharibu mazao na kuwaacha vibarua bila kazi. Lange alikuwa mwajiriwa wa idara ya serikali, na picha ilipotoka gazetini serikali ilipeleka kambini ratili 20,000 za chakula. Hilo ni jambo la heri na sitalidharau. Hata hivyo familia iliyopigwa picha ilikuwa imekwisha kuondoka. Lange hakumwuliza yule mama jina lake. Aliandika tu kwamba ana miaka 32 na watoto saba, na kwamba familia imeuza magurudumu ya gari ili ipate chakula, jambo ambalo watoto wake walilikanusha baadaye, wakieleza kwamba hawakuwa na magurudumu ya kuuza. Jina lake, Florence Owens Thompson, halikujulikana na umma mpaka 1978, miaka 42 baadaye, na alipopata nafasi ya kusema alisema kwamba hakupata hata senti moja na kwamba afadhali picha ile isingepigwa. Mama huyo uso wake ulianikwa duniani kote na jina lake likakosekana, nasi tunajua kwamba afadhali ingekuwa kinyume chake.

Tena kuna mambo mawili katika picha ile ambayo nataka myashike. La kwanza ni kwamba wakati ule mwenzi wa Florence na wavulana wake wawili wakubwa walikuwa wamekwenda mjini kutengeneza rejeta ya gari lao. Tunayemwona amekata tamaa, kwa hakika alikuwa anangojea gari litengenezwe ili familia iendelee na safari ya kutafuta kazi. Juhudi yao yote ilikuwa nje ya picha. La pili ni kidole gumba. Pembeni, chini upande wa kulia, palikuwa na kidole kilichoshika mti wa hema, na Lange alikiona kinaharibu mpangilio, akaagiza kifutwe katika negativu. Kilifutwa, lakini ukitazama nakala nzuri kivuli chake bado kipo. Mimi kila nikikumbuka kidole hicho nakumbuka vidole vinne vya jirani yetu, kwa sababu hata kwetu mpiga picha alitaka kuvikata, na mama ndiye aliyemwomba aviache.

Karibu na kwetu zaidi kuna kazi ya Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, ambaye mwezi Oktoba 1984 alipiga filamu ya njaa huko Korem, Ethiopia, ikaonyeshwa Uingereza kisha ulimwenguni, na watu wakatoa mamilioni. Alipoteza mkono wake mmoja Addis Ababa mwaka 1991 ghala la silaha lilipolipuka, akaendelea kupiga picha kwa mkono wa bandia, na mwaka 1996 akafariki katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Ngazija, kisiwa cha Komoro. Mwenyezi Mungu amrehemu. Mkichagua picha za Korem, msichague ile yenye mbavu nyingi kuliko zote. Tazameni pale maiti walipolazwa alfajiri, kila mmoja amefungwa nguo yake. Watu ambao hawakuwa na punje ya nafaka walipata nguvu ya kuwasitiri wafu wao, na kazi hiyo ina mikono yake, ingawa macho yetu huvutwa kwanza na waliolala.

Ipo pia picha ambayo wengine watawashauri muiache, nami nasema itundikeni. Ni ya tarehe 1 Novemba 1868, katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Daphne, inaonyesha vijana na watoto waliotolewa katika jahazi la watumwa, wamekaa sitahani, wamekonda kiasi cha mtu kuweza kuhesabu mifupa yao. Waliookolewa namna hiyo walishushwa Aden, Shelisheli, na baadaye Freretown karibu na Mombasa, wakaanza maisha upya kati ya watu wasiowajua. Katika pwani hii wapo wajukuu wa waliokaa sitahani na wapo wajukuu wa wenye vyombo, na mara nyingi ni watu wa nyumba moja. Hapo sitara haina maana ya kuficha jambo. Sitara ya watoto wale ni kusema ukweli juu yao kwa sauti ya chini, bila kuifanya miili yao kuwa tamasha, na kueleza kwamba maisha yao hayakuishia sitahani pale.

Jihadharini vilevile na picha za ushujaa. Ile ya muuza maziwa wa London anayekanyaga vifusi na kreti yake mkononi, ya tarehe 9 Oktoba 1940, mji ukiwa unapigwa mabomu na Ujerumani, inasimuliwa kuwa ilipangwa, na kwamba aliyevaa koti la muuza maziwa alikuwa msaidizi wa Fred Morley, aliyeipiga picha hiyo. Wakati huo picha za maangamizi zilikuwa zikizuiwa na wakaguzi wa serikali, lakini picha ya mtu anayeendelea na kazi yake kwa utulivu ilipita. Siwaambii muitupe, kwa kuwa wazima moto walioko nyuma yake ni wa kweli, na maziwa kweli yaligawiwa asubuhi zile. Ninachotaka ni mjiulize kila mara ni nani anayefaidika tukisifiwa kwa uvumilivu. Mtu akisifiwa sana kwa kuvumilia, mara nyingi yupo aliyepaswa kumwondolea mzigo naye hakufanya.

Nasema hivyo nikiwa na uchungu wa hapa kwetu. Picha za boriti zimefungwa korija korija na kupangwa ufukweni, wanaume wakizipakia vyomboni, watu huziita picha za uzuri wa Amu ya kale. Mwaka 1982 kuuza boriti nchi za nje kulipigwa marufuku, na nyumba nyingi zilizokula kwa mikoko zikabaki bila kitu. Hifadhi ya mikoko ni jambo la lazima, sina ubishi nalo, lakini nani alipiga picha ya nyumba zile mwaka uliofuata? Zitafuteni Matondoni na Kipungani, kwa mafundi wa vyombo na wanawake wasukaji wa makuti na mikeka. Na baada ya mashambulizi ya kigaidi ya Mpeketoni, mji ulio bara karibu nasi, mwezi Juni 2014, uvuvi wa usiku ulipokatazwa kwa miaka kadhaa kwa ajili ya usalama, ninyi wenyewe mlikuwa na simu mikononi. Nani kati yenu anayo picha ya nyavu zilizotundikwa ukutani, au ya akina mama wakichangishana hela za unga? Ikiwa mnazo, hizo nazo ni historia, hata kama rangi zake bado ni mpya.

Katika kuuliza kwenu, anzeni na jina la kila aliyemo, na mwenye picha asiporidhia jina litajwe, liandikeni katika daftari lenu na msilitoe. Kisha ulizeni ni nani aliyekuwapo bila kuonekana, na kesho yake walikula nini na kililetwa na nani. Majibu yaandikwe chini ya picha kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mzee ataweza kuzisoma bila kuomba msaada. Kumbukeni pia kwamba kuta za ngome mtakazotumia zilikuwa za jela mpaka 1984, na wengi waliofungiwa humo hawakuacha picha. Waachieni ukuta mmoja mtupu.

Picha yangu nitawaazima. Njooni baada ya sala ya alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa, na yule kijana aliyenirudishia aje pia, sina kinyongo naye. Mkufu mnaouona ulirudishwa kwa mwenyewe jioni ileile, akauvaa harusini, na jina lake nitawapa mliandike chini ya picha, kwa kuwa wanawe wameridhia. Nina sharti moja, na mtengeneza fremu alisikie kutoka kwangu mwenyewe: upande wa kushoto usikatwe.

Wenu,
Bibi na mwalimu mstaafu, Langoni, Amu