Kwa vijana wanaotoka soba: nani ajue, nani asijue

Assalaam alaykum wanangu,

Kila anayemaliza miezi yake ya soba, nyumba ya kuachia unga (heroini), ananiuliza jambo moja juu ya maisha yake ya nyuma: "Mzee, niseme au ninyamaze?" Nawajibu wote kwa maandishi, maana barazani kuna masikio mengi. Mtaa mzima usijue. Lakini mtu mmoja lazima ajue kila kitu.

Wapo wanaonambia dini imekataza kutangaza madhambi. Kweli. Imo katika Sahihi Bukhari, hadithi ya Abu Hurayra: umma wote utasamehewa ila wanaodhihirisha, yule aliyefanya ovu usiku Mola akamsitiri, kukicha akawahadithia watu. Tazameni basi anayekaripiwa ni nani. Ni anayesimulia maasi kama anayesimulia goli la jana. Mgonjwa anayejieleza kwa daktari, au kwa mwenzake aliyemtangulia katika kuacha, hayumo humo. Nawajua walioishika hadithi hiyo kwa mkono mmoja na namba ya muuza unga kwa mkono wa pili.

Kwa nini huyo mmoja ni lazima? Mwili uliokaa miezi bila unga unapoteza ule uzoefu wake. Kete ileile uliyokuwa ukiitumia zamani ukabaki umesimama, leo inakukata pumzi. Ndiyo maana wiki za mwanzo baada ya kutoka soba au jela ni za hatari kupita zote. Kijana hamu imemrudia, anaona haya kusema, anajifungia chooni, na hakuna wa kuvunja mlango. Mchague sponsa, yaani huyo mwenzako aliyekutangulia kuacha, anayepokea simu saa nane za usiku. Asiwe mama yako; yeye atalia, na wewe utaanza kumficha ili asilie.

Katika zile hatua 12 za kuacha ulevi mlizosomeshwa, ya tano inataka ukiri kwa Mungu, kwa nafsi yako na kwa binadamu mmoja. Mmoja, si kipaza sauti. Wamarekani walioanzisha mikutano ya walevi wanaosaidiana kuacha pombe (AA) mwaka 1935 walilipata somo hilo kwa vitendo. Mwaka 1940 mchezaji wa besiboli wa Cleveland, Rollie Hemsley, aliwatangazia waandishi wa habari kuwa mikutano hiyo ndiyo iliyomtoa kwenye pombe. Habari ile iliwavuta wengi, silikatai hilo. Lakini mwenye jina kubwa akiwa ndiye bango la kundi, siku akirudia pombe watu watasema dawa yenyewe haifai. Walipopitisha mapokeo yao 12, yaani kanuni za kundi, mwaka 1950, wakakubaliana mwanachama asijitangaze kwa jina magazetini, redioni wala kwenye filamu.

Hapa nina ugomvi na wazee wenzangu wa misikiti na makanisa. Kijana ana wiki tatu tu za usafi, tunamsimamisha mbele aeleze alivyoiba dhahabu ya mama yake, watu wafute machozi, kisha sanduku la mchango lipite. Wiki ijayo akiomba kazi, anaitwa yule teja wa ushuhuda. Mkiombwa, kataeni kwa adabu. Alikuwapo sahaba aliyeletwa zaidi ya mara moja kwa kosa la ulevi, mtu akamlaani, na Mtume (S.A.W.) akamkataza, akasema huyo anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu alipewa, lakini kulaaniwa hakuruhusiwa.

Posa ni jambo jingine. Uliyechangia sindano, kapime VVU na homa ya ini, na majibu ayajue mwenzako kabla ya ndoa kufungwa. Habari ya unga mwambie pia, kwa kinywa chako, kabla jirani hajamnong'oneza. Uliiba nini na ulilala maskani gani, si lazima.

Siri ya mwenzako wa soba haimo katika mambo unayoweza kuyaamua wewe. Wanaokunywa methadoni, dawa ya hospitali ya kushika nafasi ya unga, mbele ya muuguzi kila siku hawana pa kujificha, foleni yenyewe inawatangaza. Ukimwona mmoja wao sokoni, usimwite kwa jina la maskani.

Na nyinyi wa methadoni, zungumzeni na muuguzi juu ya saa za dawa kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Msiiache kimyakimya kwa kuwaonea haya wafungaji. Aya ya 184 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine, na imamu wenu akiulizwa faraghani atawafahamisha.

Wassalaam,
Mzee wenu, Unguja