Shukrani za familia: mtoto wetu njiti yuko nyumbani

Assalaam alaykum ndugu, jamaa na marafiki. Baada ya siku 58 wodini mtoto wetu karuhusiwa juzi, tumefika nae Tanga salama, Alhamdulillah.

Alizaliwa wiki ya 28, gramu 1,050. Maziwa aliyokua anapewa kwa mrija wa puani ni mililita 2 kila baada ya masaa matatu, hata nusu kijiko cha chai haifiki. Wiki ya kwanza tukitegemea apande yeye akashuka mpaka 960, manesi wakatwambia ni kawaida ya njiti kupungua kwanza, tukaitikia lakini moyo haukutulia. Kila alfajiri mzani, gramu 5, kesho hakuna, keshokutwa kashuka tena, na huku ni dua usiku na mchana. Siku moja mke wangu akaniuliza, "Baba, hizi dua zetu zinafika kweli?" Sikua na jibu, nilimshika mkono tukakaa hivyohivyo mpaka adhana. Siku ya 16 ndo akarudi kwenye uzito aliozaliwa nao!

Dada yangu, we sijui nikushukuru vipi. Ulikua unambeba kifuani ngozi kwa ngozi, umemfunga na kanga yako, unavuta uradi taratibu usiku kucha ili mwenzio apate usingizi, na mtoto akawa anapumua vizuri zaidi akiwa kwako. Nesi wa zamu ya usiku alotuambia kangaruu, yaani huko kumbeba njiti kifuani, ilianzia Bogotá kule Kolombia mwaka 1978, hospitali ambayo mashine za joto hazikutosha, mama wa watu ulitupa nguvu sana. Na jirani yetu bi mkubwa, kila siku meseji "leo gramu ngapi?" tukijibu hajaongezeka anaandika "haya, kesho tena inshallah", siku zote 58 hukuchoka.

Asanteni madaktari na manesi wote, wazee wa msikitini, kina mama wa madrasa, grupu la ukoo mliochanga, wafanyakazi wenzangu, kijana wa bodaboda uliyeleta uji kila asubuhi ukakataa hela, mashemeji, wapangaji wenzetu.

Mtuwie radhi sana, tena sana, ambao hatukuwataja, simu yangu iliharibika katikati na majina mengine yakapotea, msituweke moyoni, Mungu anawajua mmoja mmoja. Na ambao sikupokea simu zenu zile wiki mbili za mwanzo nisameheni, sikua na habari ya kuwapa.

Akika ni Ijumaa hii baada ya swala, karibuni nyote. Bi mkubwa, leo asubuhi ni gramu 1,940.