Kikapu cha Pasaka huanza Jumatano ya Majivu

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Barua yako nimeipata na nimeisoma zaidi ya mara moja, maana swali lako limenigusa. Unasema mwaka huu umeamua watoto wako, pamoja na wa kaka yako watakaokuja kula sikukuu kwenu, kila mmoja awe na kikapu chake cha Pasaka, na hujui utie nini. Umesema pia unaogopa sikukuu isije ikaishia kwenye pipi na kugombana. Hofu hiyo ninaielewa, na ndiyo nitakayoanza nayo.

Kwangu mimi kikapu cha Pasaka ni mwisho wa mfungo. Ukikitenga na Kwaresima kinabaki kuwa kapu la zawadi, na zawadi watoto huzipata hata siku nyingine. Ukikiunga na mfungo, hata yai moja la kuchemsha linakuwa jambo kubwa. Mambo haya yalianza hivyohivyo. Zamani Kanisa lilikataza nyama, maziwa na mayai Kwaresima nzima, lakini kuku waliendelea kutaga. Mayai yakawa yanarundikana, mengine yakichemshwa yasiharibike, na Pasaka ilipofika yai likawa mbele mezani. Hesabu za nyumba ya mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza za mwaka 1290 zinataja mayai 450 yaliyonunuliwa yapambwe kwa rangi na dhahabu, kisha wagawiwe watu wa nyumba yake. Fikiria, mfalme mzima anagawa mayai! Ni kwa sababu watu walikuwa wameyangoja.

Familia za Poland zimelishika jambo hili vizuri mno. Jumamosi Kuu hubeba vikapu kanisani vikabarikiwe. Kikapu hutandikwa kitambaa cheupe, na ndani huwamo mayai ya rangi, mkate, chumvi, soseji au nyama ya kukaushwa kwa moshi, mzizi mmoja mkali unaowasha pua ambao huwakumbusha uchungu wa mateso ya Bwana, na mara nyingi siagi iliyofinyangwa umbo la mwanakondoo. Vinarudishwa nyumbani vikiwa vimejaa, na havionjwi hadi Jumapili asubuhi. Hapo yai lililobarikiwa hukatwa vipande, watu wa nyumbani wakagawana huku wakitakiana heri, ndipo wanakaa kula. Karibu kila kilichomo kwenye kikapu kile kimengojewa, na kila mtoto aliyekaa mezani anajua kimengojewa.

Kwa hiyo kwetu vikapu hutolewa Jumatano ya Majivu. Vinawekwa juu ya kabati, vitupu, mahali ambapo watoto wanaviona kila wakipita. Siku hiyo kila mmoja wetu anataja kitu atakachoacha mpaka Pasaka, baba na mama pia, na watoto wana ruhusa ya kutukumbusha tukisahau. Kifungua mimba wangu huchagua soda. Kitinda mimba huchagua zile biskuti za krimu anazozipenda kuliko chakula. Pesa ambayo ingenunua vitu hivyo inaingia kwenye kopo, na kopo linakwenda kanisani. Halafu Jumamosi Kuu usiku, kitu cha kwanza kuingia kwenye kikapu cha mtoto ni kilekile alichokiacha. Natamani ungemwona huyo kitinda mimba na pakiti yake. Anaikagua pande zote, anaifungua kwa ncha za kucha ili karatasi isichanike, anampa dada yake moja, ndipo na yeye anauma. Mtoto yuleyule siku za kawaida humaliza pakiti kabla hajaketi.

Usingoje wiki ya mwisho, shoga. Pasaka inahama kila mwaka kwa kuwa inafuata mwezi: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza ambao Kanisa huuhesabu kuanzia 21 Machi, kwa hiyo inaweza kuangukia popote kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Ndiyo maana wazazi wengi hushtukia imefika, wakaingia dukani mkesha wa sikukuu na kununua kilichobaki. Ukikitoa kikapu Jumatano ya Majivu unazo zaidi ya wiki sita za kufikiria kila mtoto peke yake, na kununua kidogokidogo.

Sasa mayai, kwa sababu hapa ndipo watoto wangu wanapofurahi zaidi kuliko hata kwenye chokoleti. Anza leo kuweka maganda makavu ya vitunguu maji, yale ya nje ya rangi ya kahawia. Ukipata ya kujaza nusu sufuria, mimina maji yafunike, chemsha nusu saa, chuja, tia vijiko viwili vya siki, kisha acha yapoe. Mtoto achague jani dogo lenye umbo zuri, mathalani la giligilani. Alichovye kwenye maji, alilaze juu ya yai mbichi na kulikandamiza taratibu kwa kidole mpaka kingo zote zishike. Wewe funika yai lile kwa kipande cha soksi ya nailoni, vuta kwa nyuma mpaka jani lisiweze kusogea, funga kwa uzi. Weka mayai kwenye yale maji ya rangi yaliyopoa, chemsha kwa moto wa wastani dakika kama kumi, na uyaache humohumo yapoe. Ukikata soksi na kubandua jani, utaona yai limekuwa jekundu la kahawia na jani limeacha picha yake, hata vile vijino vya pembeni vinaonekana. Lipake tone la mafuta ya kula, ling'ae. Mayai meupe ndiyo yanayoonyesha vizuri. Kabichi la zambarau likichemshwa hutoa buluu, ajabu kabisa, na manjano hutoa njano. Hakuna mayai mawili yanayofanana, na kila mtoto hulitambua lake.

Mayai hayo yawekwe kwenye friji na yaliwe ndani ya wiki moja. Yasikae nje zaidi ya saa mbili. Kwa hiyo yale ya kufichwa bustanini nakushauri yawe ya karatasi au ya mbao, haya ya kweli yaende mezani.

Kuhusu kujaza kikapu chenyewe, tandika kitu kitakachotumika: fulana mpya iliyokunjwa, au kitambaa cha kichwa. Zile nyasi za plastiki zinaishia kwenye takataka siku ileile. Chokoleti tia, lakini moja, na iwe nzuri. Siichukii hata kidogo. Nayo ni ya juzi tu kwenye sikukuu hii. Kampuni ya Fry ya mjini Bristol, Uingereza, ilitengeneza yai la chokoleti lenye uwazi ndani mwaka 1873, wakati mayai ya kuku yalikuwa yameshapakwa rangi karne nyingi. Kwa hiyo usijione unawanyima watoto kitu kikapu kisipojaa chokoleti mpaka ukingoni.

Tia pia mbegu. Alizeti au maharage, pamoja na kopo dogo la udongo. Sisi huotesha maharage siku chache kabla ya Jumapili ya Matawi, na kufikia Pasaka yamekwisha kuinua udongo na kutoa kichwa. Nawasomea Yohana 12:24, pale Yesu anaposema habari za chembe ya ngano inayoanguka ardhini na kufa ndipo izae. Maneno hayo mtoto wa miaka sita huyaelewa akiwa ameshika kopo lake mkononi, kwa sababu mbegu aliizika yeye mwenyewe. Zaidi ya hapo, angalia mtoto. Kwa anayechora, rangi na daftari. Kwa mpenda kuruka, kamba. Yule wako anayesoma mpaka taa izimwe, kitabu. Usijilazimishe vikapu vyote vifanane. Vilingane ukubwa tu, maana jicho la mtoto linapima.

Lakini kitu kimoja usikiache, hata ukikosa vingine vyote: barua. Mwandikie kila mtoto barua fupi kwa mkono wako, uikunje, uiweke chini kabisa. Usimpe mawaidha humo. Mawaidha anayasikia mwaka mzima. Mwandikie ulichokiona kwake Kwaresima hii. "Nilikuona ulipomwachia mdogo wako kiti cha dirishani na hukusema kitu." "Nilisikia ulivyomwomba bibi msamaha." Itakubidi uwe unatazama kwa wiki zote hizo, na faida yake ni yako wewe mzazi pia, kwa sababu tumezoea kuhesabu makosa yao. Mimi huandika kwenye kijitabu kila ninapoona jambo, ili Jumamosi Kuu usiku nisibaki na maneno ya jumla. Binti yangu mkubwa chokoleti ameshasahau zilikuwa zipi, lakini barua zake zote ziko kwenye bahasha moja chini ya nguo zake. Moyo wangu unajaa kila nikiiona bahasha ile.

Kuna kikapu kimoja cha ziada ambacho watoto hukijaza wenyewe kwa ajili ya mtu aliye peke yake: jirani mzee, au mgonjwa asiyetoka. Waache wachague wenyewe. Wanachagua vizuri kuliko sisi, na huwa wanatia yai zuri kuliko yote.

Kwa mtoto wa kaka yako ambaye bado hajafika miaka minne, nakuomba sana: usitie pipi ngumu, njugu, wala kitu chochote cha mviringo kinachoweza kumkaba koo. Vitu vya kuchezea vinavyowaka taa vikague; vile vibetri vidogo kama sarafu vikimezwa vinaunguza ndani, kwa hiyo kifuniko kiwe cha skrubu. Kama wana mbwa, chokoleti ikae juu, ni sumu kwake. Na vifaranga au sungura wa kweli usinunue kwa ajili ya kikapu; mnyama anataka kulishwa na kusafishiwa kila siku, Pasaka ikiisha yeye bado yupo.

Umeniuliza pia kuhusu yule sungura wa Pasaka, kama utakuwa unawadanganya watoto. Wasimulie kama hadithi inavyosimuliwa. Daktari Mjerumani, Georg Franck von Franckenau, aliandika mwaka 1682 kuhusu sungura ambaye watoto waliambiwa huwaletea mayai na kuyaficha nyasini. Wajerumani waliohamia Pennsylvania, Marekani, walikwenda na hadithi yao, na watoto wao wakawa wanamtengenezea kiota kwa kofia zao. Kikapu kikaja kuchukua nafasi ya kiota. Ufaransa wanasimulia habari za kengele: tangu Alhamisi Kuu kengele za kanisa hunyamaza, watoto wakaambiwa zimeruka kwenda Roma, na zinarudi Pasaka zikidondosha mayai bustanini. Wangu wanaipenda hiyo ya kengele, kwa sababu kunyamaza kwake wanakusikia wenyewe kanisani. Wanajua ni hadithi, na furaha yao haipungui.

Kwenye kutafuta mayai yaliyofichwa, mpe kila mtoto rangi yake na idadi sawa. Akiona la mwenzake aliache, asiseme liko wapi. Wakubwa wakikimbia hawatamaliza ya wadogo, na ugomvi ule unaouogopa hautatokea. Ya mdogo yaweke mahali anapoyaona akiwa amesimama tu.

Asubuhi yenyewe sisi hatugusi vikapu mpaka tuwashe mshumaa tuliorudi nao kutoka kanisani kwenye Mkesha wa Pasaka. Mdogo wa wote anasema "Kristo amefufuka," wote tunaitikia "Amefufuka kweli kweli." Halafu tunagonganisha mayai kama wanavyofanya Wagiriki: kila mtu anashika lake, unagonga la mwenzako ncha kwa ncha, na ambaye yai lake limebaki zima ndiye mwenye heri ya mwaka huo. Baba watoto hulishika kwa ujanja wake na mara nyingi hushinda. Baada ya hapo vikapu, kisha chai, na kila mmoja anasoma barua yake pale anapotaka.

Niandikie umri wa watoto wa kaka yako wote, na kama kuna ambaye karanga, maziwa au mayai yanamdhuru, tuangalie pamoja kipi kibadilishwe. Uniambie pia vikapu unavyo vingapi. Mimi ninavyo viwili vya ukindu ambavyo havitumiki, naweza kuvituma kabla ya Majivu ukinijibu mapema. Maganda ya vitunguu usitupe.

Nisalimie shemeji, na wabusu watoto kwa niaba yangu.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.